Nyumba imejaa chakula, mjukuu anakula vya kwenye boksi

BARUA

Mwanangu mshauri,

Nakusalimu kutoka Rungwe, ambako mvua bado haijatuachia. Nilifundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, nimezaa watoto sita na kulea wa wengine zaidi ya hao. Sikutegemea kwamba uzeeni ningekaa kuandika barua kuuliza mtoto analishwaje. Ndiko nilikofika.

Mjukuu wangu, nitamwita Baraka ingawa si jina lake, ana miaka saba. Ni wa binti yangu wa nne, anayefanya kazi Dar es Salaam. Aliletwa kwangu mwaka jana, mama yake alipobadilishiwa zamu kazini akakosa mtu wa kumwachia. Madaktari wa huko walishasema mtoto ana usonji, yaani ubongo wake unafanya kazi tofauti na wa watoto wengine, nami sibishani nao. Baraka anaongea vizuri akitaka kuongea, anajua majina ya mabasi yote yanayopita barabara ya Kyela na saa zake, na usiku analala bila kusumbua mtu. Tabu yetu ni chakula.

Nikuhesabie anavyokula. Tambi za paketi, za aina moja tu, paketi ikibadilika rangi hazigusi. Biskuti za aina moja. Viazi mviringo nilivyokata vyembamba na kuvikaanga mpaka vikauke. Yai la kuchemsha, ule weupe peke yake. Chai ya rangi yenye sukari. Na wali mweupe mtupu, lakini huo ni wa mama yake, wangu hali. Hapo ndipo nilipoanza kuona ni deko. Mimi napika mchele wa Kyela, ule wenyewe, naupalia makaa juu ya mfuniko kama mama yangu alivyonifundisha, nyumba nzima inanukia. Watu wa Dar wanautafuta mchele huo kwa bei kubwa. Yeye anaziba pua na kutoka nje.

Basi kila baada ya wiki mbili mama yake anatuma boksi kwa basi, nami nashuka stendi Tukuyu kulipokea. Tambi, biskuti, tambi, biskuti. Mwanangu, nyuma ya nyumba yangu kuna migomba. Nina miparachichi ambayo wanunuzi wanaifuata hapa hapa mlangoni. Nina ng'ombe wawili wa maziwa, nina maharage, magimbi, mahindi. Kwetu mgeni haruhusiwi kuondoka bila kula. Halafu mtoto wa nyumba hii anakula kutoka kwenye boksi, na mimi ndiye ninayelibeba kutoka stendi wakati majirani wananiangalia.

Ninao wajukuu wengine wawili hapa, mmoja miaka tisa, mwingine sita. Wanakula kila kinachopakuliwa. Juzi tulikuwa na kande, Baraka akapewa biskuti zake. Yule wa miaka sita akaweka kijiko chini akaniuliza, "Bibi, na mimi nikikataa kande nitapewa biskuti?" Nilitafuta jibu sikulipata.

Wanangu wa kiume wananiambia nimetawaliwa na mtoto. "Mama, zuia hilo boksi wiki moja tu. Mwenye njaa hana miiko." Na kweli hawa sita niliwalea hivyo: kilichopo mezani ndicho hicho, asiyetaka anasubiri kesho. Hakuna aliyekufa. Pasaka mjomba wake mkubwa alipokuja akaona ninachelewa, akamshika Baraka, akamtia tonge la ndizi mdomoni. Mtoto akatapika palepale. Siku mbili zilizofuata hakugusa hata biskuti zake, alikuwa anakunywa chai tu. Binti yangu aliposikia akapiga simu, akasema akilazimishwa tena atakuja kumchukua, hata kama kazi itaondoka. Tangu siku hiyo tunaongea kwa tahadhari, kama watu wanaodaiana.

Halafu kuna redio. Kila kukicha tunaambiwa sisi wa nyanda za juu kusini tunalisha nchi nzima na watoto wetu wamedumaa. Nikimtazama Baraka na mikono yake ile myembamba, naona ni mimi ninayesemwa.

Sasa nakuuliza. Nizuie boksi, au niendelee kulibeba? Nikiendelea, si ninamfundisha kwamba chakula cha bibi yake si chakula? Nimwambie nini yule mdogo? Na la mwisho: mwezi wa saba tuna harusi ya mjomba wake mdogo, Kyela, tutakaa siku mbili. Watu watamwona hali pilau, wataanza maneno. Nimwache nyumbani kwa jirani?

Bibi wa Rungwe

JIBU

Shikamoo Mwalimu,

Nimesoma barua yako nikaona ndani yake mambo mawili yamefungwa kwenye furushi moja, nami naomba tuyatenganishe. Moja ni la Baraka: chakula anachokubali ni kichache mno, na mnashindwa kuelewana nyumbani njia ya kukiongeza. La pili ni lako: umelima, umepika, umepakua, na mtoto wa damu yako anaziba pua. Hilo la pili linauma kivyake, na lingeuma hata kama Baraka angekuwa na afya ya simba. Nalitaja mapema kwa sababu ukiwa na uchungu huo moyoni ni rahisi kulipima kila boksi kama tusi.

Tuanze na wali, maana wewe umeuona kuwa ndio ushahidi wa deko na mimi nauona vingine. Unasema anakula wali wa mama yake, wako hali. Kwako wali ni wali, tena wako ndio bora zaidi. Lakini hebu uuangalie kwa pua ya Baraka. Mama yake huenda anapikia gesi, mchele wa kawaida usio na harufu yoyote. Wewe unapikia kuni, mchele unaosifika kwa harufu yake, halafu unapalia makaa juu. Kile kinachowafanya watu wa Dar walipe zaidi ndicho kinachomtoa yeye nje. Watoto wengi wenye usonji wanapokea harufu, mguso, joto na sauti kwa kiwango tofauti na sisi. Nadhani umewahi kuvaa sweta la sufu linalowasha wakati mwenzako amevaa kama hilo na halalamiki. Sweta ni lilelile, ngozi ndizo tofauti, na anayewashwa hawezi kuamua asiwashwe. Ndivyo ndizi laini inavyoweza kuwa mdomoni mwa mtoto kama huyu.

Kwa hiyo kabla ya kuamua lolote kuhusu boksi, ningekuomba umpigie binti yako simu umuulize kuhusu wali tu. Mchele gani, anaweka mafuta au haweki, chumvi kiasi gani, anapakua ukiwa wa moto au umepoa, sahani ya namna gani. Kisha siku moja upike kama yeye: mchele usionukia, wowote utakaoupata sokoni, kwenye jiko la mkaa uliokwisha shika vizuri bila moshi, nje ya jiko la kuni. Inawezekana asile hata huo. Ila akiula, utakuwa umepata chakula cha tumbo kwa bei ya simu moja, na wewe na binti yako mtakuwa mmeongea jambo ambalo si ugomvi.

Mambo haya si ya juzi. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Marekani aliandika kuhusu watoto 11 ambao leo tungesema wana usonji, na sita kati yao alieleza kwamba kulishwa kulikuwa tabu kubwa tangu uchanga. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa 2013 ukaonyesha kuwa watoto wenye usonji wana uwezekano mara 5 zaidi ya wenzao wa kuwa na tatizo la ulaji. Mama wa watoto hao wote hawakuwa wanadekeza. Nakuambia haya kwa sababu barua yako, ukiisoma tena, inatafuta mkosaji: mara mtoto, mara binti, mara wewe mwenyewe.

Kuhusu njaa. Najua ulivyowalea sita na najua wako wengi waliolelewa hivyo wakakua. Methali waliyokupa wanao ni ya kweli kwa mtu ambaye miiko yake ni ya kuchagua. Tazama ushahidi ulionao mwenyewe: baada ya tonge la Pasaka, Baraka alikaa siku mbili kwa chai. Hakuhamia kwenye ndizi, bali alipunguza hata kile kidogo alichokuwa nacho. Baadhi ya watoto wenye usonji hawazisikii vizuri dalili za njaa ndani ya mwili, na hofu nayo inaua hamu ya kula hata kwa mtu mzima, muulize aliyefiwa. Wiki bila boksi kwa mtoto wa namna hii inaweza kuwa wiki bila chakula, mkaishia hospitalini mkitundikiwa dripu. Hiyo ndiyo hatari ya ushauri wa wanao, na wanastahili kuisikia waziwazi, kwa sababu naamini wanasema kwa kumpenda mpwa wao.

Lakini upande wa binti yako nao si salama kabisa, na sitaki nikufiche. Mtoto anayeishi kwa vyakula vitano au sita yuko pembeni mwa shimo. Kiwanda kikibadilisha paketi, basi likikwama na mvua, au yeye mwenyewe akikinai tambi, kimoja kinatoka kwenye orodha na mara nyingi hakirudi. Tena orodha yake ina nguvu ya wanga na chumvi ya kutosha, lakini karibu haina tunda, mboga wala maziwa. Uchambuzi huo wa 2013 uliona watoto hawa wakipungukiwa hasa kalsiamu na protini. Kwa hiyo mtu akikuambia "mwache tu ale anachotaka, atakua," naye anaruka kitu.

Sasa kuna jambo umeliandika mwenyewe ukalipita. Unasema mtoto wa nyumba hii anakula kutoka kwenye boksi. Viazi vile vyembamba anavikaanga nani? Ni wewe. Mayai ni ya nani? Sidhani yanatoka Dar kwa basi. Maana yake Baraka tayari anakula kwa mkono wako, karibu kila siku, na amekuamini wewe kwa viazi kuliko muuza chipsi yeyote. Viazi hivyo si vya kudharau, hata vikikaangwa vinabaki na vitamini C kiasi, na huenda ndivyo vinavyomlinda. Ukiniuliza mimi, njia ya kuongeza chakula inaanzia hapo kwenye kikaango chako kuliko kwenye paketi.

Tazama anachokubali: kikavu, chepesi, kinachovunjika, kilekile jana na leo. Tambi na biskuti zinatoka mashineni, kila moja ni pacha wa mwenzake, ndiyo maana anaziamini. Parachichi lako leo ni laini, kesho lina nyuzi, keshokutwa lina doa jeusi. Kwake hayo ni matunda matatu tofauti. Ndizi mbichi, je? Ukiikata nyembamba kama kiazi, ukaikaanga mpaka ikauke, ni jirani wa karibu wa kitu anachokijua. Usiichanganye kwenye sahani yake. Iwe pembeni, kwenye kisahani chake, na usimwambie aonje. Aione. Akiishika, vizuri. Akiinusa akairudisha, hilo nalo ni hatua. Mtoto wa kawaida anaweza kuhitaji kukutana na chakula kipya mara 10 hadi 15 kabla hajakikubali, na wenye usonji wengi wanahitaji zaidi ya hapo. Hii ni kazi ya miezi, na mwalimu aliyefundisha darasa la kwanza kusoma anajua miezi ni nini.

Watu watakushauri umfiche: usage dagaa uwatie kwenye tambi, uchanganye maziwa kidogo kwenye chai asijue. Nafahamu inavyovutia, hasa ukiwaza kuhusu mikono ile myembamba. Ila pua iliyotambua mchele wa Kyela kutoka mlangoni itatambua dagaa. Akigundua, hatari ni kupoteza tambi zenyewe na imani yake kwako kwa mkupuo mmoja. Ukitaka kujaribu maziwa, ya ng'ombe wako mwenyewe, yaweke kwenye kikombe kingine mbele ya macho yake.

Kuna utaratibu ambao wataalamu wengi wa lishe ya watoto wanaupendekeza, na unaweza kukufaa au ukauona haukufai: mkubwa anaamua chakula gani kitakuwepo, saa ngapi na wapi. Mtoto anaamua atakula au hatakula, na kiasi gani. Ugumu wake kwako nauona. Umezoea kwamba sahani isiyomalizwa ni aibu ya mpishi. Kwa utaratibu huu sahani isiyomalizwa haina maana yoyote, inaondolewa, maongezi yanaendelea. Watoto kama Baraka wanahitaji pia kila mlo uwe na kitu kimoja angalau wanachokiweza, ili kuketi mezani kusiwe kuketi mahakamani.

Hapo ndipo swali la mjukuu wako wa miaka sita linapoingia, na nimelipenda swali lile, ni la mwanasheria. Ameona biskuti inalipwa kama zawadi ya kukataa. Kutoka alipokaa yeye, amehesabu sawasawa. Unaweza kumwambia ukweli kwa lugha yake: mdomo wa Baraka unaumizwa na vyakula vingi, wa kwako hauumizwi, kila mmoja hapa anapata anachokiweza. Watoto wanaelewa haya mapema kuliko wajomba. Lakini maneno matupu hayatatosha kama biskuti zinaendelea kutoka wakati wa kande. Je, zikihamishiwa saa kumi jioni, kwa chai, na wote watatu wakapata? Na mchana kwenye kande kukawa na bakuli la viazi vyako vya kukaanga katikati, anayetaka anachukua, Baraka akiwemo? Gharama itaongezeka, sitakudanganya, na siku za mwanzo wale wawili wanaweza kuvimaliza viazi kabla ya mwenyewe. Utaona kama nyumba yako inalimudu hilo.

Redio usiizime, ila usiichukue yote mwilini. Ni kweli utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta Iringa zaidi ya nusu ya watoto walio chini ya miaka 5 wamedumaa, Njombe nusu, wakati kwa nchi nzima ilikuwa asilimia 30. Aibu hiyo ni yetu sote. Lakini udumavu unaosemwa unajengeka zaidi ndani ya siku 1,000 za kwanza, tangu mimba mpaka mtoto anapotimiza miaka miwili. Baraka ana miaka saba na alikuja kwako mwaka jana. Wembamba wake unahitaji kupimwa, na macho ya jirani wa stendi si mizani.

Hili la kupima nalisisitiza kuliko yote niliyosema. Mpeleke kituo cha afya apimwe uzito na urefu, viandikwe, na apimwe tena baada ya miezi michache muone mstari unapanda au unashuka. Waombe wamwangalie meno, kwa sababu jino lililooza linamfanya mtoto akatae vitu vigumu na watu wakasema ni tabia. Waeleze habari za choo. Choo kigumu kinajaza tumbo na kuua hamu ya kula, na watoto hawa wanakipata sana. Omba apimwe damu. Halmashauri ina afisa lishe, muulizie. Na orodha yake ikizidi kufupika, omba rufaa kwenda hospitali kubwa Mbeya mjini, kwa daktari wa watoto na wataalamu wa utengamao, ambao baadhi yao wanajua kufanya kazi na mtoto anayeogopa chakula. Tangu 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani unalitambua kama tatizo la kiafya lenye jina lake, la mtu kukwepa chakula mpaka mwili unapungukiwa, bila kutaka kukonda. Ukikutana na mhudumu atakayekukemea kwamba hujui kulisha, mtajie hilo kwa sauti yako ya darasani.

Kuna dalili ambazo hazisubiri miadi: uzito kushuka, fizi kutoka damu, kuanza kuchechemea au kukataa kutembea ingawa hajaumia, kukohoa na kupaliwa kila anapomeza, au siku nzima bila kula wala kunywa. Fizi na miguu nazitaja makusudi, maana kiseyeye, ugonjwa wa mabaharia wa zamani, bado unawapata watoto wanaokula vyakula vichache sana, na unaanza hivyo.

Binti yako. Alipokuambia atamchukua mtoto hata kazi ikiondoka, wewe ulisikia tishio. Inawezekana lilikuwa hilo. Inawezekana pia alikuwa mama aliye mbali, anayelisha mtoto wake kwa boksi kwa sababu hana mkono mwingine wa kumfikia. Mkija kuongea, sijui kama inafaa kuanza na boksi. Pengine mwambie kwanza kwamba mtoto analala vizuri kwako na ratiba ya mabasi ameikamata. Kuhusu boksi lenyewe mnaweza kukubaliana liendelee kama akiba huku kikaango kikifanya kazi, au mpunguze aina moja baada ya kuona kilichoingia badala yake, au liendelee lilivyo mpaka majibu ya hospitali yatoke. Kila moja ina gharama yake, na ninyi wawili ndio mnaoijua mifuko yenu na mtoto wenu.

Kwa wanao wa kiume hali ni tofauti. Dada yao hawezi kuwanyamazisha, ni mdogo wao. Wewe unaweza. Tonge la kushikiwa mdomo, hata kwa nia njema, linaweza kumpalia mtoto, na hili nadhani halihitaji mjadala wa ukoo.

Harusi. Kumwacha kwa jirani kutakupunguzia maneno, lakini fikiria kama jirani huyo anajua viazi vikaushwe kiasi gani, na kama Baraka atalala kwa watu wengine siku mbili bila kuharibika. Kwenda naye kuna joto la Kyela, muziki, umati na pilau linalonukia kuliko wali wako. Ukiamua kwenda naye, mlishe kabla ya kutoka, beba hotpoti ya viazi na paketi zake mwenyewe, chagua viti vya pembeni mbali na spika, na mpatane na mmoja wa ndugu atoke naye nje akichoka, waende barabarani wakahesabu mabasi. Mtu akiuliza kwa nini mtoto hali, jibu "ameshakula" linatosha, hata mara ishirini. Na kwa kuwa bwana harusi ni mwanao, mwambie mapema asije akamletea sahani mbele za watu kwa furaha ya siku hiyo.